Matone ya Upande wa Chumba

Asubuhi ambayo mkaguzi wa nyumba alikuwa anatarajiwa, Chelewa alikipamba chumba cha baba yake kama mtu anayengoja wachumba. Alibadilisha mapazia. Alipiga deki, akaiangalia sakafu, akapiga tena. Kamba ya kuanikia mashuka, iliyokuwa ikikikata chumba kutoka pembe hadi pembe, aliifungua, akaiviringisha mkononi na kuisukumia chini ya kitanda. Sufuria lililokuwa likichemka pale pembeni juu ya jiko dogo la umeme, usiku na mchana, alilimwaga maji yake na kulipeleka jikoni pamoja na jiko lenyewe. Mwisho akachukua chupa ya manukato, akapuliza mlangoni, akapuliza kitandani, akapuliza hata kwenye doa.

Doa halikushtuka. Lilianzia karibu na dari, likateremka nyuma ya kichwa cha kitanda mpaka sakafuni. Juu lilikuwa manjano kama chai iliyomwagikia shuka, katikati kijivu, na chini lilijaa vidoa vyeusi vilivyotapakaa kama mtu amekung'uta pilipili manga. Rangi ya ukuta ilikuwa imevimba, imepasuka, inaning'inia vipande vipande. Ukiweka kiganja pale, unakitoa kimelowa.

"Chumba kinanukia kama saluni," alisema Mzee kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ikipanda kifuani kwa tabu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. "Anakuja mkaguzi au anakuja bwana?"

"Pumzika, baba. Usiseme sana."

"Nikinyamaza mtasema nimekufa."

Mzee alikuwa mwoka mikate. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya uzee wake ulikwenda mbele ya mdomo wa tanuri, na marehemu mke wake alikuwa na mazoea ya kusema kwamba huyu mwanamume ukimpiga kofi la mgongo litatoka vumbi la unga. Sasa ule unga ulikuwa unadai nafasi yake. Alikuwa amelazwa, akapewa dawa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na kila aliyemsikia akipumua alijua kwamba safari hii haina kurudi hospitali. Naye alijua. Siku aliyorudi alimshika binti yake mkono, akamwambia neno moja tu: "Chumba hiki nimekijenga kwa mikono yangu. Wasinitoe humu nikiwa hai." Chelewa akaitikia. Hakuapa, lakini kwa namna alivyoitikia ilikuwa sawasawa na kuapa.

Jina la Chelewa halimo kwenye cheti chochote. Alizaliwa wakati mama yake alikwisha kugawa nguo zote za kitoto kwa majirani, akiamini kwamba kazi hiyo ameifunga, na mtoto wake mmoja wa kiume ameanza kuota ndevu. Mzee alipomtazama yule kichanga akacheka, akasema huyu amechelewa basi. Jina likakaa. Hakuolewa, au aliolewa kidogo ikashindikana, na kwa vyovyote ni yeye aliyebaki nyumbani. Kaka Mkubwa alikuwa na mke, watoto, cheo cha msimamizi wa ghala, na makazi ghorofani upande wa pili wa mji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamua.

Na alikuwa ameamua hivi: ukuta ule unalowa kwa sababu ya bafu la jirani, fundi cherehani, lililo nyuma yake. Mkaguzi aje aseme hivyo. Akishasema, fundi cherehani atavunja bafu lake, ukuta utabomolewa na kujengwa upya, na Mzee atahamia ghorofani.

"Siku hiyohiyo," alimwambia dada yake. "Ukuta ukionekana mbovu, namchukua siku hiyohiyo. Sitamwacha baba yangu alale chini ya kitu kinachooza."

"Kule kwako ngazi nyingi, kaka. Hatashuka tena."

"Na hapa ameshuka kitandani lini?"

Chelewa akapiga hesabu. Ukuta ukiwa mzima, baba atakufa alipotaka kufia. Ukiwa mbovu, atabebwa kwenye kiti mpaka ghorofa ya juu, atazame dari asiyoijua. Kwa hiyo alipiga deki na kupuliza manukato, akitumaini, kama anavyotumaini mtu anayechana nywele kabla ya kuingia kwa daktari.

Mkaguzi akaja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, magoti yake yakilia kila alipochuchumaa. Wenzake kazini walimwita Mapua. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa, ila aliitumia kuliko walivyotumia wao macho.

"Shikamoo, mama," alisema Chelewa.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mgonjwa." Akasimama kizingitini, akavuta hewa, akafumba macho. "Mmh. Nyumba hii imekoga."

"Tumefanya usafi kidogo."

"Kidogo! Mwanangu, mimi si mkwe. Nataka kuinusa nyumba ikiwa na jasho lake. Umenifungia mlango kwa uturi." Alisema hivyo bila ukali, akaenda kitandani kwanza, akamsalimia Mzee kwa heshima yote, akamwomba ruhusa ya kugusa ukuta wake. Mzee akaitikia kwa kichwa. Alionekana kumpenda mtu anayeomba ruhusa.

Kaka Mkubwa alikuwa ameshaanza. "Mama mkaguzi, nikurahisishie kazi. Nyuma ya huu ukuta kuna bafu. Mwenye bafu anaoga kama bata. Chanzo ni hicho, wewe andika tu."

"Baba," alijibu mkaguzi, akitoa vitu vyake mkobani, "kama unajua ugonjwa, mbona umeita daktari?"

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamchukua muda mrefu, kila mmoja akitazama kitu chake.

Kazi ikaanza nje. Mkaguzi aliagiza mabomba yote ya nyumba yafungwe, akachuchumaa mbele ya mita ya maji, akaitazama sindano yake kwa subira ya mtu anayetega panya. Sindano haikusogea. "Bomba halivuji," akasema. Akapanda ngazi, akaingiza kichwa na tochi juu ya dari, akazipapasa mbao, akashuka na utandabui nyweleni. "Paa kavu." Kaka Mkubwa akatabasamu. Kila kitu kilichokuwa kikiondolewa kilimsogeza fundi cherehani karibu na kesi.

Wakaenda kwake. Fundi cherehani alikuwa mwanamume mwembamba, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni, na alipomwona Kaka Mkubwa mlangoni alirudi nyuma hatua.

"Mkaguzi amekuja kuona bafu lako," alisema Kaka Mkubwa.

"Alione. Alione, dada yangu, ingia. Mimi tangu niambiwe nawalowesha watu naoga kwa kikombe. Nasimama katikati ya karai kama kuku anayetaka kuchinjwa. Mke wangu ananicheka. Sijui mara ya mwisho nimejimwagia maji kama mtu mzima."

"Afadhali ungeanza zamani," Kaka Mkubwa akasema.

"Bwana mkubwa, baba yako alinipa mkate wa bure mwaka niliohamia hapa. Unadhani nampelekea maji kitandani kwa makusudi?"

Mkaguzi aliwaacha wakirushiana maneno. Aligonga sakafu ya bafu kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza, akagonga tena. Akaziba tundu la maji machafu kwa kitambaa, akaagiza ndoo mbili zimwagwe pale, akangoja huku akipapasa ukuta kwa kiganja. Maji yalikaa yalipo, yametulia. Chelewa alimtazama usoni kutafuta japo dalili, akakuta uso wa mtu anayehesabu.

Chumbani, alitoa kidude kilichokuwa na misumari miwili mifupi kama meno ya panya, akakichomeka kwenye doa. Kikapiga kelele kali hadi Mzee akakunja uso. "Ngozi ya ukuta imejaa maji," akasema. Kisha akachukua kidrili kidogo, akatoboa palepale, polepole, akiwa ameshika karatasi chini ya tundu. Lililomwagika kwenye karatasi lilikuwa vumbi. Akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akampa Kaka Mkubwa.

"Hili nini?"

"Vumbi."

"Limelowa?"

Kaka Mkubwa alilisugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kavu."

"Basi ukuta huu umelowa shati, mwili haujalowa. Sasa nataka kujua shati limeloweshwa na nani."

Akainua macho. Juu ya dirisha kulikuwa na matundu manne ya hewa, ya mapambo, yale mafundi wa zamani waliyokuwa wakiyapanga kwa matofali. Yote manne yalikuwa yamezibwa kwa matambara, na juu ya matambara nailoni iliyopigiliwa kwa vijiti.

"Nani amefunga haya?"

"Mimi," alisema Chelewa. "Baridi ilikuwa ikimpiga kifuani."

"Na dirisha?"

"Halifunguliwi. Mvua, baridi, vumbi la barabarani... Mgonjwa huyu, mama."

Mkaguzi alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana hana haraka. Akakata kipande cha nailoni safi, ukubwa wa sinia, akakibandika ukutani juu ya doa kwa utepe wa gundi pande zote nne, akiukandamiza kwa kidole gumba ili hewa isipite. Aliufuta uso wa nailoni kwa kitambaa mpaka ukang'aa.

"Sikilizeni wote, na wewe Mzee. Kesho asubuhi nitarudi nitazame hapa. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi maji yanatoka ndani ya ukuta, na huyu baba ana haki ya kugombana. Matone yakiwa mbele, upande wa chumba, basi maji yanatoka humu ndani, kwenye hewa mnayovuta. Ukuta hauna kosa." Akamgeukia Chelewa. "Na wewe, mwanangu, usinipambie nyumba tena. Usiku wa leo ishi kama unavyoishi siku zote. Unachokipika, pika. Unachokianika, anika. Usinifiche hata kijiko."

Alipoondoka, Chelewa alirudisha kila kitu mahali pake. Akafunga kamba, akatundika mashuka yaliyokuwa yakidondosha maji. Akaleta jiko, akaleta sufuria, akalijaza mpaka ukingoni. Mvuke ulipoanza kupanda alihisi moyo wake unatulia, kama kila siku. Pale hospitali walimwambia mvuke husaidia kifua kufunguka. Amkalishe mgonjwa juu ya beseni la maji ya moto kidogo asubuhi, kidogo jioni. Alifanya, na Mzee akapata nafuu siku ile. Yeye akawaza: kama kidogo kinamfungua, kingi kitamponya. Hapo ndipo sufuria lilipohamia chumbani. Alililisha maji kama mtu anavyomlisha mtoto, akiamka usiku kulijazia. Na kifua kilipozidi kubana, alifunga matundu ya hewa, ili mvuke wa dawa usipotee bure.

Kulipokucha alikwenda moja kwa moja ukutani, hata taa hakuwasha.

Matone yalikuwa mbele.

Yalikuwa mengi, manene, yamejipanga kwenye uso wa nailoni, mengine yameanza kukimbiliana na kuteremka kwa michirizi. Alikibandua kile kipande pembe moja, akachungulia nyuma yake. Kavu. Alitazama tena mbele, akatazama sufuria, akatazama juu kwenye matambara aliyoyapigilia mwenyewe akiwa juu ya kiti, akijipongeza.

Akilini mwake mambo yalijipanga moja baada ya jingine bila kuitwa. Vidoa vyeusi vilianza lini? Baada ya sufuria. Kikohozi cha alfajiri kilianza lini? Baada ya vidoa. Alikuwa amemlaza baba yake ndani ya chungu, akafunika mfuniko, akakaa pembeni kuchochea moto.

Kitambaa cha kufutia kilikuwa kwenye kiti. Akakishika. Kufuta ni kupitisha mkono mara moja tu. Nailoni itakuwa kavu mbele, kavu nyuma, mkaguzi atakuna kichwa, na Kaka Mkubwa atapata nafasi ya kusema ukuta ni mbovu hata hivyo, labda ni wa zamani, labda nini. Atamchukua Mzee. Lakini hakuna atakayejua. Hakuna atakayemtazama yeye Chelewa kwa jicho lile alilokuwa akijitazama nalo sasa hivi. Atampoteza baba yake akiwa msafi, binti aliyehangaika mpaka mwisho.

Na baba atatolewa humu akiwa hai.

Alisimama pale na kitambaa mkononi mpaka kikapata joto la kiganja chake. Kisha akakirudisha kwenye kiti, akakikunja vizuri kabisa kana kwamba kukunja ndiko kulikokuwa kumemleta, akatoka kumsubiri kaka yake uani.

Kaka Mkubwa alifika kabla ya mkaguzi. "Vipi, kimesemaje?"

"Njoo uone mwenyewe."

Alimpeleka mbele ya nailoni. Kaka yake aliinama, akatazama, akagusa tone, akatazama kidole. Alikuwa mtu wa ghala. Alijua hewa iliyofungiwa inavyofanya kwa magunia. Aligeuka polepole, akaliona sufuria, akayaona mashuka.

"Hili sufuria linakaa humu?"

"Linakaa."

"Tangu lini?"

"Tangu aliporudi."

"Usiku na mchana?"

"Usiku na mchana, kaka."

Kaka Mkubwa akanyooka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejiandaa kupigana na mtu mwingine. "Kwa hiyo miezi yote hii," akasema, taratibu, "nimemtukana mwanamume wa watu mpaka anaoga kwa kikombe. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Umemfukiza baba kama samaki!"

"Ni mimi, nimeshasema! Unataka nilale chini unikanyage? Kanyaga. Ulikuwa wapi wewe siku alipokuwa anashindwa kuvuta hewa, anageuka rangi mikononi mwangu? Nilikuwa na nini zaidi ya maji ya moto? Niambie, nilikuwa na nini?"

"Ungenipigia simu."

"Nilikupigia. Ukasema mpe mvuke."

Kaka Mkubwa pengine alikumbuka, pengine hakukumbuka. Akaenda dirishani, akashika komeo, akakuta limefanya kutu.

"Namchukua," alisema akiwa amewapa mgongo. "Sasa ndiyo namchukua kweli. Si kwa ajili ya ukuta."

"Nani anachukuliwa?" Sauti ilitoka kitandani. Mzee alikuwa macho, na bila shaka alikuwa macho tangu mwanzo, kwa maana wagonjwa wa kifua hulala kwa kuvizia. "Mimi ni gunia la unga, mnanihamisha ghala?"

"Baba, hewa ya humu inakuua."

"Kinachoniua nakijua, na tumekaa nacho siku nyingi kuliko nilizokaa na wewe." Akapumzika, akavuta pumzi, akaendelea. "Mimi ni mtu wa tanuri. Mvuke ukikosa pa kutokea, mkate unalia maji. Mnadhani nilikuwa silioni lile sufuria?"

Chelewa akasogea kitandani. "Ulijua, baba?"

"Nilikuwa nalowa mpaka masikioni, nisijue?"

"Mbona hukuniambia? Mbona hukusema neno moja?"

Mzee aligeuza kichwa kuelekea sufuria. "Ulikuwa ukilijazia maji unakaa," akasema. "Unakaa hapo, unapumua. Wakati mwingine wote ulikuwa unazunguka tu, unanigeuza, unalia jikoni ukidhani sisikii. Nikaona ule mvuke ni wako, si wangu. Nikakuachia." Akafumba macho. "Labda nilikosea. Lakini ni kosa langu, si la dada yako. Na humu sitoki."

Ndivyo mkaguzi alivyowakuta: mwana dirishani, binti katikati ya chumba, na mgonjwa amefumba macho. Alitazama nailoni, kisha akatazama nyuso zao, akaona kwamba kazi yake imefanywa nusu kabla hajafika. Hata hivyo aliifanya yote. Alibandua, akanusa, akachomeka kidude chake juu, katikati na chini. Sasa uturi ulikuwa umekwisha, na pua yake ilipata ilichokitafuta jana.

"Ukuta huu ni mzima," alisema. "Haupigwi na jua, kwa hiyo una baridi, na mvuke ukigusa kitu cha baridi unarudi kuwa maji. Mmeona chupa ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani? Ndicho kilichokuwa kikitokea nyuma ya mto wa mgonjwa. Fungueni matundu. Fungueni dirisha mchana. Sufuria litoke, nguo zianikwe nje. Mgonjwa ahamie sebuleni siku chache, huo weusi ukwanguliwe, uoshwe kwa dawa, ukauke, upakwe upya. Kisha arudi."

"Arudi humu?" aliuliza Chelewa.

"Nyumba inakalika, mwanangu. Hilo ndilo nililoitwa kusema, na ndilo nitakaloandika."

Kaka Mkubwa alimtazama baba yake, akamtazama dada yake. Ilionekana wazi kwamba bado alikuwa na maneno, na kwamba maneno yenyewe yalikuwa yanakosa pa kushika. Mwishowe akasema, "Kitanda hiki hakipiti mlangoni kwa mtu mmoja." Akatoka. Wakamsikia akibisha kwa jirani, kisha sauti yake ikisema kitu kwa chini mno, kitu kirefu, na sauti ya fundi cherehani ikijibu, "Haya, yaishe, yaishe, tukambebe Mzee."

Chelewa alimsindikiza mkaguzi hadi barabarani. Gari lilipita, likawarushia vumbi, wakangoja litulie.

"Mama, nikuulize."

"Uliza."

"Nimempunguzia siku?"

Mkaguzi alihamisha mkoba wake bega kwa bega. Alikuwa amekwisha kuulizwa mambo mengi kwenye malango ya watu: kama nyumba itaanguka, kama mtu auze, kama jirani alifanya kusudi. Hili pia alikuwa amekwisha kuulizwa, kwa maneno mengine, na hakuwa amewahi kupata jibu zuri.

"Kidude changu kina misumari miwili," akasema. "Inaingia ukutani, haiingii kifuani mwa mtu. Ule weusi haukumsaidia. Hilo nalijua, na sitakudanganya. Zaidi ya hapo sijui, na atakayekuambia anajua, mwache aende zake."

Chelewa akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa kufarijiwa au kuhukumiwa, akakuta hakuna hata kimoja. Ilibidi arudi ndani na swali lake hivyo hivyo.

Walimbeba Mzee pamoja na godoro lake, Kaka Mkubwa kichwani, fundi cherehani miguuni, wakikwaruzana na mlango. Fundi alikuwa akirudi kinyumenyume na kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. "Kushoto! Kushoto yangu, bwana mkubwa, si yako!" Mzee aliwaambia kwamba amewahi kubebwa vizuri zaidi akiwa amelewa. Wakamweka chini ya dirisha la sebule, wakafungua mbao zote mbili, na barabara ikaingia: honi, mwenye kuuza vyombo akivigonganisha, mwanamke akimkaripia mtoto aliyepoteza kiatu kimoja.

Kaka Mkubwa hakuondoka. Alivua shati la kazini, akachukua kwanguo, akaingia chumbani. Alipanda kiti, akayang'oa matambara ya kwenye matundu kimyakimya, kisha akauvaa ukuta. Alikwangua kama mtu anayetaka kumtoa mtu aliyezikwa humo. Vipande vya rangi vilianguka, sauti ikajaa nyumba.

"Huyo hajui kukwangua," alisema Mzee. "Anausafisha ukuta au anautafuna?"

Akacheka. Kicheko kikashika kikohozi, kikamkunja, kikamkunjua, kikamkunja tena. Chelewa alikuwa amekwisha kusimama. Mwili wake ulikuwa umegeukia jikoni wenyewe, kwenye maji, kwenye moto. Akausimamisha. Akarudi, akapiga magoti kando ya godoro, akaweka kiganja mgongoni mwa baba yake, pale mifupa ilipotokeza. Hakuwa na kingine cha kumpa. Chini ya kiganja alihisi kila kikohozi kikitoka mbali na kufika, na hakukizuia, na hakukisaidia. Alikaa nacho tu mpaka kikaisha.

Kilichukua muda. Mzee alilala chali, machozi ya kukohoa yakimteremka masikioni, akivuta hewa ya nje kidogo kidogo.

"Nifunge dirisha, baba?" aliuliza. "Vumbi linaingia."

"Dirisha liache," alisema Mzee. "Funga mlango wa chumbani. Kaka yako ananipigia kelele."

Chelewa akaenda akaurudishia mlango, akarudi akakaa palepale.